Mtutu wa msokoto 1:8 na vichwa vyepesi vya greini 40: kwa nini matundu yanatawanyika?

#1 Kisongo223
Wakuu, salaam.

Nina raifo ya .223 ya bolti, niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, uhamisho ulipita polisi kihalali na kitabu ninacho. Ubavuni mwa mtutu imeandikwa 1:8. Nikiipa risasi za greini 69 (greini ni kipimo cha uzito wa kichwa, ile sehemu inayoruka), mita 100, juu ya meza na mfuko wa mchanga, matundu matano yanafunikwa na sarafu ya mia mbili. Nikiipa za greini 40 kutoka kiwanda kinachoheshimika, naambulia kundi la inchi tatu, mara nyingine zaidi. Mtutu uleule, darubini ileile, bega lilelile.

Uwanjani mzee mmoja aliangalia karatasi yangu akacheka: "Mtutu wako una msokoto mkali mno kwa kichwa chepesi, unakizungusha mpaka kinalewa." Wengine wakamkatalia palepale. Ukweli uko wapi? Hizo nyepesi nazitaka kwa kuwinda kanga, kwa sababu za kasi na mporomoko mdogo.

#2 Kijana wa Majengo
Nimevuta kiti. Wajuzi waje.

#3 FundiMitutu_Sakina
Mzee wa uwanjani kasema kweli, uzi ungeishia hapo.

1:8 maana yake mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu inakipigisha kichwa mzunguko mmoja kamili ndani ya inchi 8. Huo ni msokoto wa vichwa vizito, 69, 75, 77. Kichwa cha greini 40 au 45 kinataka msokoto mpole: 1:12, hata 1:14. Angalia bunduki zilizoundwa kwa ajili ya vichwa vyepesi tangu mwanzo: .222 Remington ni 1:14, .22-250 ni 1:14, .22 Hornet ni 1:16. Waliozitengeneza hawakuwa wajinga. Unapoweka kichwa chepesi kwenye 1:8 unakizungusha kupita kiasi, na kikizungushwa kupita kiasi hakishiki mstari.

Dawa: badili risasi, au badili mtutu. Kubadili risasi ni nafuu.

#4 Mzee wa Ngaramtoni
Fundi, tuanze na hicho cha "uzito". Msokoto haujali uzito wa kichwa, unajali UREFU wake. Uzito tunautaja kwa sababu ndio umeandikwa kwenye boksi, na kwa kawaida kizito ndicho kirefu kama kipenyo ni kilekile.

Mwingereza George Greenhill, aliyekuwa akifundisha hesabu maofisa wa mizinga kule Woolwich, alitoa kanuni yake 1879: chukua 150, zidisha kwa kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa urefu. Kila kitu kwa inchi. Kwa kasi inayozidi futi 2,800 kwa sekunde watu huweka 180 badala ya 150.

Tufanye ya kwetu. Kipenyo cha .223 ni inchi 0.224, ukizidisha kwa chenyewe ni 0.0502. Kichwa cha greini 55 cha kawaida kina urefu kama wa inchi 0.74. Zidisha kwa 180, gawanya kwa 0.74, unapata 12.2. Ndiyo maana bunduki za zamani za .223 zilikuja na 1:12. Sasa chukua cha greini 77 chenye karibu inchi 0.99, unapata 9.1. Ukitumia 150 kwa tahadhari ni 7.6. Hapo unaona 1:8 ilikotoka.

Na tahadhari kwa wanaopenda vichwa vya shaba tupu visivyo na madini ya risasi ndani: shaba ni nyepesi kuliko madini hayo, kwa hiyo kwa greini zilezile 55 kichwa kinakuwa kirefu zaidi. Unaweza kuwa na "chepesi" kinachodai msokoto wa "kizito".

#5 Kijana wa Majengo
Hesabu tena? Mimi niliingia humu nikidhani ni uzi wa kanga wa kuchoma.

#6 Mwl_Rau
Shikamoo Mzee wa Ngaramtoni. Naongezea jambo moja ambalo naona linasahaulika kila uzi wa namna hii ukifunguliwa.

Kanuni ya Greenhill inakupa msokoto wa CHINI KABISA unaohitajika. Inakwambia kichwa cha greini 55 kitatulia kwenye 1:12. Haisemi kwamba kwenye 1:8 hakitatulia. Fikirieni pia, kile kichezeo cha mtoto cha kuzungusha: ukiizungusha taratibu inayumba na kuanguka, ukiizungusha kwa nguvu inasimama wima. Hakuna mtoto aliyewahi kulalamika kuwa pia yake imeanguka kwa sababu imezunguka sana.

Siku hizi wengi hutumia kanuni ya Don Miller ya 2005, ambayo inaingiza uzito, urefu, kipenyo na msokoto, halafu inarekebishwa kwa kasi na hewa. Jibu lake ni namba moja. Chini ya 1 kichwa kinapinduka, 1.5 na kuendelea uko salama. Nimekipigia hesabu kichwa cha greini 40 chenye urefu wa inchi 0.68 kwa kasi ya futi 3,500. Kwenye 1:12 kinapata karibu 1.3. Kwenye 1:8 kinapata karibu 2.9. Kwa hiyo mtutu wa Kisongo223 unakituliza kichwa hicho kupita hata ule wa 1:12 anaousifia Fundi.

Tatizo lipo, sikatai, karatasi haidanganyi. Ila sababu ya "kulewa" haipo kwenye fizikia ninayoifundisha.

#7 FundiMitutu_Sakina
Mwalimu, ubao ni ubao na uwanja ni uwanja. Jeshi la Marekani lilianza M16 na 1:12 kwa kichwa cha greini 55. Walipohamia 1:7 kwenye A2, waulize walioitumia kwa risasi za zamani za greini 55 walipata nini. Mimi mitutu nimeishika kwa mikono hii, wewe umeishika kwa chaki.

#8 Mstaafu_KwaMrombo
Fundi, hapo umeruka hatua. M16 ilianza na 1:14, siyo 1:12. Ilibadilishwa kuwa 1:12 mwaka 1963, baada ya majaribio ya baridi kali kuonesha kwamba kwenye hewa nzito ya baridi kile kichwa kilikuwa kinayumba. Na 1:7 haikuwekwa kwa ajili ya risasi ya kawaida ya greini 62, hiyo 1:9 inaitosha kabisa. Iliwekwa kwa ajili ya risasi ya mwanga, ile inayowaka usiku, kwa sababu kichwa chake ni kirefu sana.

Hapo mnaona hoja ya Mzee ya urefu inavyofanya kazi.

#9 FundiMitutu_Sakina
Sawa, 1:14. Hoja yangu iko palepale: walianza na msokoto mpole kwa kichwa chepesi, na kilipiga.

#10 Meku wa Sanya Juu
Hili la baridi na hewa nzito linanipa swali. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini zaidi. Je, bunduki ileile inaweza kutulia Arusha na kuyumba Tanga?

#11 Mwl_Rau
Inaweza, kama iko ukingoni. Kadiri hewa inavyokuwa nyembamba ndivyo inavyokisukuma kichwa kidogo, na ndivyo kinavyotulia kirahisi. Mtu mwenye 1:12 anayepiga vichwa virefu vizuri huku kwetu anaweza kwenda pwani, asubuhi yenye ubaridi, akakuta tundu la mviringo limekuwa la duaradufu. Lakini kwa 1:8 na greini 40, uko mbali mno na ukingo. Hewa ya Arusha, ya Tanga, haitabadili chochote.

#12 Chuga_Mzawa
Kwa hiyo imethibitishwa kisayansi: Arusha watu wanalenga vizuri kuliko Moshi. Uzi ufungwe.

#13 Meku wa Sanya Juu
Mangi, Arusha mnalenga vizuri mifuko ya watalii tu.

#14 Bonde_la_Ufa
Nije na kisa. Ndugu yangu ana .22-250, mtutu wa asili wa 1:14 ulichakaa akawekewa wa 1:8 ili apige vichwa virefu. Akabaki na maboksi ya vile vichwa vyepesi vya koti jembamba, vya kupasua wadudu waharibifu. Akasema ngoja avimalize. Mita 100, karatasi safi. Tukadhani anakosa. Nikasogea na darubini ya mkononi kando ya mstari, nikaona: risasi inatoka, kati ya njia panatokea moshi mwembamba wa kijivu, basi. Kichwa kimesambaratika hewani. Kwenye ubao tulikuta madoa ya kijivu yaliyotapakaa, mengine yamechana karatasi kidogo tu kama kucha.

Hesabu ya mizunguko: kasi kwa futi mara 720, gawanya kwa msokoto. Futi 3,900 kwenye 1:8 ni mizunguko 351,000 kwa dakika. Kwenye 1:14 ingekuwa kama 200,600. Koti la shaba jembamba halihimili nguvu hiyo ya kulivuta nje, linafunguka.

Kwa hiyo Mwalimu, pia ya mtoto haianguki kwa kuzunguka sana, lakini ikitengenezwa kwa udongo itapasuka.

#15 Kisongo223
Asanteni. Kwangu zote tano zinafika kwenye karatasi na hakuna doa la kijivu. Nimekokotoa kwa kanuni ya Bonde_la_Ufa: futi 3,650 kwenye 1:8 napata 328,500. Inatisha kidogo, lakini zinafika.

#16 Mwl_Rau
Na matundu yake? Mviringo safi, au marefu kama tundu la ufunguo?

#17 Kisongo223
Mviringo safi, na kile kipete cha weusi pembeni kimezunguka sawasawa. Nimeyakagua kwa kioo cha kukuzia.

#18 Mwl_Rau
Basi vichwa vinafika vikiwa vimenyooka. Swali la kutulia tulifunge, tutafute mchawi mwingine.

#19 Shabaha_na_Subira
Msifunge mapema. Kutulia na kukusanyika ni vitu viwili.

Hakuna kichwa kilichotengenezwa kikamilifu. Koti likiwa nene upande mmoja hata kwa unywele, kitovu cha uzito hakiko katikati ya kichwa. Kikiwa ndani ya mtutu kinalazimishwa kuzunguka kwenye kitovu cha umbo. Kikitoka mdomoni kinaachiwa, kinataka kuzunguka kwenye kitovu cha uzito, na hapo hapo kinarushwa pembeni kidogo. Ukubwa wa kurushwa huko unafuata msokoto moja kwa moja. Kichwa kilekile chenye kasoro ileile, kwenye 1:8 kinarushwa mara moja na nusu ya kinavyorushwa kwenye 1:12. Kwa hiyo msokoto mkali haukiharibu kichwa, unakuza ubovu kilichozaliwa nao.

Ndiyo maana wapigaji wa mezani, wale wanaoshindania matundu matano kuwa tundu moja, hutumia 6mm PPC, iliyobuniwa 1975 na Lou Palmisano na Ferris Pindell, na mitutu yao mingi ni 1:14 au 1:13.5 kwa vichwa vifupi vya greini 65 mpaka 68. Wanachagua msokoto wa kutosha tu, bila ziada. Fundi hajakosea sana, kakosea sababu tu.

#20 FundiMitutu_Sakina
Mwisho wa siku nimeambiwa sijakosea. Mwalimu, umesoma #19?

#21 Mwl_Rau
Nimesoma, na nakubaliana nayo mstari kwa mstari. Sasa na wewe isome tena. Mara moja na nusu. Kundi la inchi 1 linakuwa la inchi 1.5. Mwenzetu ana inchi 3 kwa za 40 na chini ya inchi 1 kwa za 69 kwenye mtutu huohuo. Hizo nyingine zimetoka wapi?

#22 Mama Kahawa wa Kibosho
Samahani wanangu kuwakatiza. Nyie mnaojua mambo ya bunduki, tumbili wananimalizia ndizi na mahindi, mbwa wamewazoea mpaka wanacheza nao. Kuna anayeweza kuja?

#23 Mstaafu_KwaMrombo
Mama, usimwite mtu wa humu mwenye bunduki, mtaishia polisi wote wawili. Nenda kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, waripoti, wao ndio wenye utaratibu. Tumbili ni mnyamapori kwa sheria hata akiwa jikoni kwako.

#24 Kijana wa Majengo
Na mama, kwa jinsi hawa wanavyobishana, tumbili atakuwa amezeeka wakiwa bado wanatafuta msokoto.

#25 Fito_na_Kitambaa
Tuache nadharia, tuulize chemba. Kisongo223, hiyo chemba (pale risasi inapokaa) ni ya .223 ya kiraia au ina koo refu la kijeshi, yaani nafasi ndefu kabla ya mifereji kuanza? Bunduki nyingi za kisasa zenye 1:8 au 1:7 zimechongwa koo refu ili vichwa virefu vikae. Kichwa kifupi cha greini 40 ndani ya koo hilo kinaruka hewani umbali mrefu kabla ya kugusa mifereji. Kinaingia kimeinama kidogo, na kikishaingia kimeinama kitatoka hivyohivyo. Hilo halina uhusiano na msokoto, ila linaonekana kama la msokoto kwa sababu koo refu na msokoto mkali huuzwa pamoja.

Mimi hili ndilo ningelikamata kwanza.

#26 Shabaha_na_Subira
#25 amegusa penyewe. Vitu viwili vinavyotembea pamoja, mmoja analaumiwa kwa kosa la mwenzake.

#27 Baba Neema
Nina .303 ya marehemu baba, ile ya Enfield. Mifereji yake inazunguka kushoto, 1:10. Kuna anayejua kwa nini kushoto? Na je, hilo linaathiri vichwa vyepesi?

#28 Mzee wa Ngaramtoni
Kushoto au kulia hakubadili kutulia. Kinachobadilika ni upande ambao kichwa kitapotea kidogo kidogo ukienda mbali: mzunguko wa kulia kinapotea kulia, wa kushoto kushoto. Kwa mita 100 hutaona kitu. Risasi yake ya kijeshi iliyozoeleka ilikuwa na kichwa cha greini 174, kirefu, kwa hiyo 1:10 iliitosha vizuri. Ukiipa ya greini 150 itapiga bila wasiwasi.

Na tukiwa kwenye historia, Fundi na Mwalimu wote wawili wasikilize hili. Mwaka 1955 kampuni mbili za Marekani zilitoa risasi za milimita 6 karibu sawasawa. Winchester walitoa .243 yenye 1:10 na wakaiuza na kichwa cha greini 100 kwa ajili ya paa. Remington wakatoa .244 yenye 1:12, wakiwa na vichwa vya 75 na 90, wakidhani wateja watakuwa wapigaji wa wanyama waharibifu. Wateja walitaka bunduki moja ya kazi zote, wakasikia kwamba 1:12 haitulizi greini 100 ndefu, wakaikimbia. 1963 Remington waliirudisha kwa jina jipya, 6mm Remington, ikiwa na 1:9. Ganda lilelile. Lakini .243 ilikuwa imeshachukua soko na mpaka leo inalo.

Somo la kibiashara walilopata watengenezaji wote: ukikosea, kosea upande wa msokoto mkali. Msokoto mkali unapiga chepesi kwa hasara ndogo. Msokoto mpole haupigi kirefu kabisa.

#29 Chuga_Mzawa
Mzee, hii ungeiandika kitabu.

#30 Fito_na_Kitambaa
Kabla hatujaendelea: Kisongo223, umeupima huo msokoto mwenyewe au umeamini maandishi? Mtutu uliopita mikononi mwa watu unaweza kuwa umebadilishwa, au maandishi yakawa ya modeli nyingine.

Hakikisha haina risasi, toa bolti kabisa. Chukua ufito wa kusafishia ambao mshikio wake unazunguka wenyewe kwenye bearingi. Weka kitambaa kinachobana kisawasawa, ukisukume kiingie kwenye mifereji kama inchi mbili. Funga utepe wa karatasi wenye gundi kwenye ufito, karibu na mshikio, chora mstari juu yake ukiangalia juu. Weka alama nyingine pale ufito unapoingia kwenye bunduki. Sukuma taratibu kwa mkono ulio huru, usiuzuie kuzunguka, mpaka mstari urudi juu. Pima umbali uliosogea. Rudia mara kadhaa. Kitambaa kikiteleza utapata namba kubwa kuliko ya kweli, kwa hiyo amini zile ndogo zinazojirudia.

#31 Kisongo223
Nimepima leo jioni. Zinazojirudia ni inchi tisa na ushee kidogo. Nane haijatokea hata mara moja. Kitambaa kilikuwa kimebana mpaka natoka jasho.

#32 FundiMitutu_Sakina
Haya sasa. Mtutu ni 1:9 na bado inatawanya greini 40!

#33 Mwl_Rau
Fundi, hiyo inakusaidiaje? Ulisema tatizo ni ukali wa 1:8. Sasa ni mpole zaidi na tatizo limebaki lilelile.

#34 FundiMitutu_Sakina
Inanisaidia kwa sababu 1:9 nayo ni kali kwa greini 40. Nilisema 1:12.

#35 Meku wa Sanya Juu
Fundi ni kama kinyonga wa Marangu, kila tawi ana rangi yake. Lakini mkuu mwenye uzi, yawezekana kitambaa kiliteleza. Mimi ya kwangu imeandikwa 1:9 na nilipopima bila mshikio wa bearingi nilipata kumi na kitu.

#36 Sonara_Njiro
Hakuna aliyeuliza kuhusu risasi zenyewe. Ni boksi moja au maboksi tofauti? Mimi nina mizani ya dhahabu inayosoma mpaka sehemu moja ya mia ya gramu. Zileteni siku moja, tupime risasi moja moja. Zikipishana sana, mchawi ni kiwanda.

#37 Shabaha_na_Subira
Wazo zuri ila tahadhari: ukipima risasi nzima unapima ganda, baruti na kichwa kwa pamoja. Maganda peke yake hupishana kuliko kitu kingine. Utapata namba nyingi na jibu dogo. Afadhali apige boksi la kampuni nyingine la greini 40, na lingine la 50 au 55, siku moja, mtutu ukiwa na joto lilelile.

#38 Bonde_la_Ufa
Na joto hilo lisisahaulike. Kisongo223, ulianza na zipi? Kama ulipiga za 69 mtutu ukiwa baridi na safi, halafu za 40 baadaye mtutu umeshawaka, mtutu mwembamba wa kuwindia unatembea. Na ule utandu wa shaba wa risasi za kwanza unakaa kwenye mifereji, za pili zinapita juu yake.

#39 Kisongo223
Za 69 kwanza, ni kweli. Lakini siku nyingine niligeuza, za 40 zikaanza. Zilikuwa mbaya vilevile, labda afadhali kidogo.

Kuna kitu nimekiona baada ya kuzitandaza karatasi zote mezani: za 40 zinatawanyika zaidi kwa ulalo, kushoto na kulia. Kwa wima ziko karibu.

#40 Mstaafu_KwaMrombo
UPEPO. Kwa nini hukusema tangu mwanzo! Uko Kisongo, huko kuanzia saa nne asubuhi upepo unakuja kutoka kila pembe, uwanja wa ndege wenyewe pale unajua. Kichwa chepesi kifupi kinapoteza kasi haraka na upepo unakibeba kuliko kile cha 69. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla majani hayajaanza kucheza, weka utepe wa kitambaa katikati ya njia na mwingine kwenye ubao, piga pale tu tepe zote zimelala.

#41 Mwl_Rau
Upepo wa mita 100 kufungua kundi mpaka inchi tatu lazima uwe upepo wa kubeba kofia. Sehemu ya jibu, nakubali. Jibu zima, sikubali. Mtawanyiko wa ulalo unaletwa pia na bega lisilokaa sawa, na kitako, ule mwili wa mbao, kinachogusa mtutu upande mmoja. Pitisha noti kati ya mtutu na mbao kuanzia mbele mpaka karibu na chemba. Ikikwama, pana kazi hapo.

#42 Fito_na_Kitambaa
Kitako kikigusa, mbona za 69 zinakaa pamoja?

#43 Mwl_Rau
Kila risasi inautikisa mtutu kwa namna yake. Moja inaweza kutoka mdomoni mtutu ukiwa umetulia, nyingine ukiwa katikati ya kutikisika.

#44 FundiMitutu_Sakina
Mwalimu sasa anakubali mtutu unatikisika, unagusa, una koo, una joto, una upepo, kila kitu kinakubalika isipokuwa msokoto. Msokoto umemwapia nini?

#45 Kijana wa Majengo
Hahaha, hapo Mwalimu kabanwa.

#46 Mzee wa Ngaramtoni
Mimi nilipiga kanga kwa Hornet, 1:16, kichwa cha greini 45, miaka ile ya vibali vya kijani, maeneo ya Monduli. Kanga hawakuwahi kuniuliza msokoto. Lakini nakubaliana na #19 na #25 kwa pamoja, na sioni kwa nini lazima mmoja awe mwongo. Kijana, kama kanga ndiye mlengwa na unataka abaki nyama ya kupikwa, greini 40 yenye koti jembamba kwa futi 3,650 itakuachia manyoya. Hilo Fundi na Mwalimu hawajaligusa.

#47 Kisongo223
Shikamoo mzee, hilo sikuliwaza. Noti nimeipitisha (ya elfu mbili), inakwama upande wa kulia kama inchi nne kabla ya chemba. Boksi la greini 55 nimeagiza, na za 40 za kampuni nyingine. Jumamosi alfajiri nitakuwa uwanjani na tepe za Mstaafu. Sitagusa kitako mpaka nipige kwanza kama kilivyo.

#48 Sonara_Njiro
Jumamosi nipo. Nitakuja na kalipa ya kupimia vichwa urefu, maana humu ndani wote mmekuwa mkitumia 0.68 na 0.74 za kwenye hesabu, na hakuna aliyepima za kwenye boksi lake.

#49 FundiMitutu_Sakina
Nami nakuja. Na bunduki yangu ya 1:12. Mwalimu aje na chaki.